Mtoto Hana Muhula: Mwongozo kwa Mzazi wa Simiyu Anayetaka PhD

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwalimu wa sekondari wa Maswa, ofisa ugani wa Itilima, mganga wa Meatu, mhasibu wa halmashauri huko Busega na mkufunzi yeyote wa Bariadi mjini ambaye ana watoto wawili au watatu, na ambaye jana jioni amepokea kwenye simu barua ya kudahiliwa masomo ya uzamivu. Hongera. Umeisoma mara kadhaa, umeirusha kwenye kundi la ukoo, na shangazi amejibu kwa msururu wa mikono inayopiga makofi. Furahia jioni hiyo. Kesho tuanze kazi.

Jambo ambalo barua haisemi ni kwamba PhD ilipangwa kwa ajili ya mtu asiye na watu. Mtu huyo ana chumba, ana taa, ana kimya, na nyuma ya ukuta yuko mtu mwingine anayempikia na kumfulia, ambaye atatajwa kwenye ukurasa wa shukrani, mstari wa mwisho, baada ya wafadhili. Huenda mtu wa namna hiyo anapatikana huko duniani. Bariadi hayupo. Hapa hata mgeni aliyeshuka jana kwenye basi la Shinyanga ana mjomba Somanda na shemeji Malambo, na kufikia Ijumaa atakuwa ameshatajwa kwenye orodha ya michango ya harusi. Ushauri wote unaofuata umetokana na mgongano huo.

Uzae lini

Wapo watakaokwambia umalize masomo kwanza ndipo uzae. Wapo watakaokwambia uzae kwanza ndipo usome. Pande zote mbili zina hoja nzuri, na siku mtoto atakapopandisha homa hutaona hata mmoja wao.

Afadhali tuisikilize sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mpigo. Maana yake pacha wa pili amekadiriwa kuwa na kazi ya siku 16. Waliolea Kulwa na Doto wana maoni yao kuhusu hesabu hiyo. Baba anapewa siku 3, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, asije akajisahau akazoea.

Likizo hiyo inahesabiwa kwa mzunguko wa miezi 36. PhD ya muda wote, kwenye karatasi, ni miaka 3. Hivyo sheria imekupangia, bila kukusudia, mtoto mmoja kwa tasnifu moja. Tena mwajiri analazimika kukupa likizo hizo mara 4 tu katika utumishi wako. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba mwanamke wa Tanzania huzaa kwa wastani watoto 4.8. Hiyo nukta nane utajua mwenyewe.

Sasa soma tena: sheria inamhusu mwajiriwa. Ukiwa umeacha kazi ili usome, au unasoma kwa fedha za kuungaunga bila mwajiri, hakuna wa kukupa siku 84 wala 16 wala 3. Mbele ya ofisi ya masomo ya uzamili na uzamivu wewe hukujifungua. Wewe umeahirisha masomo, na kuna fomu yake.

Yapo pia masaa ya kunyonyesha. Mwajiri anatakiwa amruhusu mama kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, hadi saa 2 kwa siku. Kwa anayeishi Nyaumata na kufanya kazi Bariadi mjini, bodaboda inawezesha. Kwa aliyeitwa Morogoro kwenye semina ya mbinu za utafiti huku mtoto amebaki Bariadi na bibi yake, saa 2 hizo zitamfikisha karibu na Gairo.

Usome wapi

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, ukamegwa kutoka Shinyanga na kipande cha Mwanza. Una pamba kuliko mkoa mwingine wowote nchini, una ng'ombe, una dengu na choroko, na Maswa wanatengeneza chaki. PhD bado inafuatwa nje. Wa afya wanatazama Bugando, Mwanza. Wengine wanakwenda Mtakatifu Augustino pale Malimbe. Safari yenyewe si mbaya, ni lami hadi Lamadi kisha unaambaa na ziwa kupitia Magu. Lakini ukichagua Sokoine kwa sababu umesomea kilimo, au Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa sababu msimamizi unayemtaka yuko huko, andaa kiti cha dirishani. Bariadi hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na mtoto wa chekechea ana kipaji cha kuugua ukiwa umefika Singida, yaani mbali mno kurudi na mapema mno kusahau.

Ndiyo maana wazazi wengi wanaishia Chuo Kikuu Huria. Chuo hicho, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilibuniwa hasa kwa mtu kama wewe: mwenye kazi, mwenye familia, aliye mbali. Uzuri wake ni kwamba unasomea nyumbani. Ubaya wake ni kwamba nyumbani ndiko wanakoishi watoto.

Utaweka meza chumbani na kuiita ofisi. Kufikia Jumatano itakuwa na sare zinazosubiri pasi, daftari la Hisabati lisilo na jalada, na sufuria ambayo hakuna anayejua imefikaje. Utaamua kuandika usiku. Chagua saa 9 hadi saa 11 alfajiri, ndio muda pekee ambao mkoa mzima hauna shida na wewe. Nunua Luku mapema. Weka karibu sahani ya michembe iliyopikwa kwa karanga, kwa sababu mapitio ya machapisho hayashibishi. Tasnifu ijitumie kwa barua pepe kila ukimaliza kuandika, maana laptopu hiyohiyo ndiyo inayoonyesha katuni, na mtoto wa miaka minne hajui tofauti ya kufunga na kufuta.

Wasimamizi wako wa kweli

Chuo kitakupa msimamizi, labda wawili. Watajibu barua pepe zako kwa wakati wao. Msimamizi ambaye akisusa hakuna sura inayosonga ni dada wa kazi. Mheshimu. Mvua za Novemba zikianza baba yake atampigia simu arudi kulima, na wewe utagundua kwamba ratiba ya pamba inaongoza maisha yako kuliko kalenda ya chuo. Mwaka unaofuata ataolewa, mahari ya ng'ombe itapokelewa, na utaanza upya na mwingine ambaye anaogopa jiko la gesi.

Naye, kwa taarifa yako, ni mwajiriwa. Siku 84 zilezile zinamhusu, na kima cha chini cha mshahara kinamhusu, ingawa ni nyumba chache ambazo sheria hiyo imewahi kusomwa kwa sauti mbele yake. Mara nyingi ana mtoto wake mwenyewe aliyemwacha kijijini kwa mama yake ili aje kumlea wa kwako, ili wewe uandike sura ya nne, ambayo kwa bahati inahusu usawa wa kijinsia katika kaya za wakulima. Hili halina ushauri. Limewekwa hapa ili usije ukasema hukuambiwa.

Bibi naye yumo. Bila bibi elimu ya juu ya Kanda ya Ziwa ingefungwa wiki ijayo. Lakini bibi anatoa huduma kwa masharti, na sharti kubwa ni kuelezwa. Mazungumzo ya simu na mama mkwe huwa hivi:

"Mwanangu, hicho kisomo kinaisha lini?"

"Nimebakiza sura moja tu, mama."

"Mwaka jana nayo ilikuwa moja."

"Ile msimamizi aliirudisha, mama."

"Akairudisha! Kwani ulimkopa?"

Usijaribu kumweleza mfumo wa kurekebisha rasimu. Mwambie watoto wanamsalimu, kisha mpe mmoja simu.

Uwandani

Hapa ndipo mwongozo unapaswa kwenda polepole, kwa sababu hapa ndipo wasiojua wengi wanapoumia.

Mada yako ni pamba. Usikatae, kila anayefanya utafiti Simiyu kuhusu uchumi, udongo, maji, ndoa au siasa anaishia kwenye pamba. Pamba inavunwa na kuuzwa kuanzia Mei hadi Agosti. Likizo ya shule za watoto iko Juni. Fedha za utafiti zinatoka zikitoka. Hivyo utakwenda uwandani mwezi Juni, wakati mkulima yuko mzanini kwenye chama cha msingi akipimiwa, mtendaji yuko kwenye kikao cha ununuzi wa pamba, na watoto wako wako nyumbani wanauliza leo tunakwenda wapi.

Kabla ya kumfikia mkulima utafuata barua. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Kwake inatoka barua ya kwenda wilayani. Kutoka wilayani na halmashauri inashuka kwa ofisa mtendaji wa kata, anayekuandikia kwa mtendaji wa kijiji, anayekupeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye hasomi barua, anakuangalia wewe. Kila ngazi inagonga muhuri. Katika kila ngazi ofisa anayehusika ametoka kidogo. Kama mtoto ananyonya, atakuwa amenyonya kwenye mabenchi ya serikali kutoka mkoani hadi kitongojini, na atakuwa anaufahamu mgawanyo wa madaraka kuliko wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza.

Vitabu vya mbinu za utafiti vinasema uwandani uende peke yako, au na wasaidizi uliowafunza. Havisemi lolote kuhusu mtoto mgongoni. Basi chukulia wewe ni mama, umefika kwenye mji mmoja Itilima ukiwa na dodoso la kurasa kumi na mbili na mtoto wa miezi minane. Mwenye mji anajibu maswali yote kwa ufasaha: ekari ngapi, mbegu kutoka wapi, dawa mara ngapi, bei iliyopita. Majibu hayo ndiyo yaliyomo kwenye ripoti zote za nyuma. Ingekuwa mtafiti yuko peke yake, kazi ingeishia hapo, na tasnifu ingekuwa sahihi na haina faida.

Lakini mtoto analia. Wanawake waliokuwa wakimenya karanga upande wa pili wa ua wanakuita, maana mtoto akilia anakuwa wa wote. Mmoja anampokea, mwingine anauliza anaitwa nani, wa tatu anataka kujua baba yake ni wa wapi na una wengine wangapi. Unajibu. Kwa mara ya kwanza tangu uingie kijijini wewe ndiye unayehojiwa, na unapasi. Ndipo mmoja, bila kuulizwa, anaeleza kwa nini ekari za pamba zimepungua: fedha ya pamba inakuja mara moja, inaingia kwenye simu ya baba, na inapofika jioni ina safari zake, lakini choroko na dengu mama anaweza kupima debe mwenyewe akauza mwenyewe. Kwa jibu hilo, dodoso halikuwa na kisanduku.

Mihuri yote ile haikuwa na nguvu ya mtoto mmoja anayelia. Wanawake wale walikuwa na swali lao la kibali, "huyu ni wa nani?", na jibu ulikuja nalo mgongoni. Hata hivyo, kwenye sura ya mbinu utaandika kwamba taarifa zilikusanywa kwa usaili wa kina na majadiliano ya vikundi. Ukiandika kwamba zilikusanywa kwa mtoto, mtahini wa nje atauliza ukubwa wa sampuli.

Kwa mtafiti aliye baba kifungu hiki ni kifupi. Utakwenda mwenyewe, utapewa kiti, utaletewa maziwa, na jioni utaulizwa utafiti umeendaje. Mwenzako wa kike ataulizwa watoto amewaacha na nani. Ukitaka kuleta vurugu ndogo yenye manufaa kwa sayansi, siku moja nenda na mtoto wako mgongoni, kisha andika kilichotokea. Makala hiyo itachapishwa upesi kuliko tasnifu yako yote.

Mifano utakayotupiwa

Kila anayelalamika hutupiwa mfano. Kanda ya Ziwa utatupiwa wa marehemu John Magufuli, aliyefundisha Kemia Sengerema, akawa mbunge, akawa waziri, na bado akapata PhD ya Kemia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009, kwa utafiti wa mafuta ya maganda ya korosho. "Yeye alikuwa waziri akamaliza, wewe una nini?" Ni swali la haki. Sikumbuki gazeti lililowahi kuuliza nani alikuwa akiamka kuwaandaa watoto kwenda shule.

Wewe mwenyewe utajitupia mfano wa Wangari Maathai, kwa sababu ni mwanamke na alishinda. Umtumie, ila umtumie mzima. Alipata PhD Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati, kwa utafiti wa viungo vya uzazi vya ng'ombe, mada ambayo Meatu ingejaza ukumbi. Alikuwa na mtoto mdogo nyumbani, na wa pili alizaliwa mwaka huohuo. Sehemu hiyo wote tunaipenda. Sehemu inayofuata haisomwi kwenye mahafali: chuo kikuu chenyewe kiliwapa wahadhiri wanawake walioolewa masharti duni ya nyumba na stahili, kwa hoja kwamba mwanamke ana mume wa kumtunza, na Maathai na mwenzake Vertistine Mbaya walilazimika kupambana ili walipwe kama wenzao. Mwaka 1982 aliacha kazi ili agombee ubunge, akaambiwa hana sifa za kugombea, akarudi chuoni kuomba kazi yake akakuta mlango umefungwa, na nyumba ya chuo akatakiwa aihame. Tuzo ya Nobel ilikuja mwaka 2004. Mwambie shangazi hayo yote kabla hajasema "mbona Wangari aliweza".

Na ukipata ufadhili wa Sweden, kama walivyopata wengi wa Mlimani kupitia mpango wa Sida ambao nusu walisomea huku na nusu kule, jiandae kwa aina nyingine ya maumivu. Kule wazazi wanagawana siku 480 za likizo kwa kila mtoto. Utakuwa umekaa dirishani Uppsala unamtazama baba wa Kisweden akisukuma kigari cha mtoto saa 4 asubuhi ya Jumanne, bila haraka, bila aibu, na wewe una siku zako 3 ulizomaliza kabla kitovu hakijadondoka. Usimchukie. Salimia. Kisha piga simu Bariadi uulize kama homa imeshuka.

Ukishapita

PhD siku hizi ndiyo mlango wa kupanda cheo chuoni. Bila hiyo unabaki mhadhiri msaidizi hadi nywele zigeuke. Ukiipata unaitwa mhadhiri, na kuanzia hapo hadi uprofesa unahesabiwa machapisho. Majarida mengine yanalipisha kwa dola. Ankara yake itafika Januari, kwa sababu kila kitu kinafika Januari: ada ya shule ya mchepuo wa Kiingereza, viatu, michango, na makato ya Bodi ya Mikopo, ambayo tangu marekebisho ya mwaka 2016 ni asilimia 15 ya mshahara kwa deni la shahada uliyosoma kabla hujawa mzazi. Panga vipaumbele. Jarida litasubiri, mwalimu mkuu hasubiri.

Siku ya kutetea tasnifu usiwapeleke watoto, isipokuwa mdogo kabisa asiyeweza kuuliza swali. Wengine watauliza. Ukirudi Bariadi kutakuwa na kamati ya sherehe ambayo hukuiunda, bajeti ambayo hukuiona, na ng'ombe. Kubali ng'ombe. Kwenye hotuba mtaje dada wa kazi kabla ya msimamizi, kwa jina lake kamili, na ukumbi utashangilia kuliko ulivyoshangilia kichwa cha tasnifu.

Mtahini atakuwa amekupa marekebisho madogo. Yatunze hayo marekebisho. Mara tu muziki utakapopungua, mama mkwe atasogeza kiti, atakupongeza kwa dhati, kisha atauliza: sasa umemaliza, unaongeza lini? Jibu ni: "Bado nina marekebisho, mama." Jibu hilo linafaa kwa miezi mitatu.